Rupia tano za bibi ndani ya kasha: zina thamani gani?

Swali limetoka kwa msomaji wa Wete, Pemba. Nalifupisha kidogo:

"Shikamoo mzee wangu. Bibi yetu mzaa mama alifariki mwaka jana. Tulipofungua kasha lake tulikuta kipande cha kanga kimefungwa fundo, ndani mna noti tisa. Moja ni ya rupia tano ya Serikali ya Zanzibar, imeandikwa tarehe 1 Februari 1928, imekunjwa mara nne. Sita ni za Kijerumani, rupia moja moja, za mwaka 1915 na 1916. Mbili ni za shilingi tano za Afrika Mashariki, moja ina picha ya Malkia, nyingine ina mashua. Mtu mmoja wa Chake ametupa laki tatu kwa zote. Kaka yangu anataka kwanza azipeleke mjini zipigwe leminesheni zisiharibike. Je, zina thamani? Tuzisafishe? Tuziuze? Nimekutumia picha."

Marahaba mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yenu. Kabla ya lolote, mpigie simu kaka yako, umzuie. Najua nia yake ni njema, lakini mashine ya leminesheni huyeyusha gundi kwa moto ikaingia ndani ya nyuzi za karatasi, na ikishaingia haitoki. Noti iliyopita humo, kwa mkusanyaji, ni kama imekufa.

Siandiki hivi kwa kusikia. Miaka kadhaa nyuma nililetewa hapa Mji Mkongwe noti ya rupia kumi ya Zanzibar. Mwenyewe alikuwa mtu mzima, ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba maji. Alikuwa ameipeleka kwenye duka la fotokopi, na kijana wa pale, kwa kuwa noti ilikuwa pana kuliko plastiki aliyokuwa nayo, aliipunguza pembeni kwa mkasi ili ienee. Jahazi lilikuwa linaonekana vizuri, wachumaji wa karafuu wanaonekana, tarehe inasomeka. Kwenye pembe moja plastiki ilikuwa imeinuka, na pale ilipoinuka ilikuwa imeondoka na utando wa wino. Ilibidi nimweleze kilichopotea. Sijasahau uso wake.

Sasa tuje kwenye noti zako, na nitaanza na ile moja, kwa sababu zile nane nyingine zote kwa pamoja haziifikii.

Serikali ya Zanzibar ilianza kutoa noti zake mwaka 1908, enzi za Sultani Ali bin Hamud, chini ya himaya ya Mwingereza. Zilichapwa London na kampuni ya Waterlow & Sons. Mwanzo zilikuwa za rupia 5, 10, 20, 50 na 100. Mwaka 1920 zikaongezwa za rupia 1 na za rupia 500. Chini kushoto pana jahazi, chini kulia pana watu wakichuma karafuu. Maneno yake ni ahadi: Serikali ya Zanzibar inaahidi kumlipa mwenye noti hii rupia kadhaa, akizidai, hapa Zanzibar. Noti za rupia tano zina tarehe za 1908, 1916 na 1928. Yenu ya tarehe 1 Februari 1928 ni ya toleo la mwisho.

Rupia yetu ilikuwa sawa na rupia ya India, kwa sababu biashara yote ya pwani hii ilikuwa inatazama Bombay. Mwaka 1936 mambo yakageuka. Zanzibar ikaingia kwenye Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na kuanzia tarehe 1 Januari mwaka huo shilingi ikachukua nafasi ya rupia, kila rupia moja kwa shilingi moja na senti hamsini. Mwenye rupia tano alipewa shilingi saba na nusu.

Hapo ndipo pana siri ya thamani ya noti yako, mwanangu, na watu wengi hawaipati. Wanadhani kitu kikiwa cha zamani ndiyo adimu. Siyo. Noti za Zanzibar ni adimu kwa sababu ahadi yake ilitimizwa. Mtu mwenye rupia tano mkononi, akijua zinabadilishwa kwa fedha kamili, aziweke za nini? Mkulima wa Wete, muuza duka wa Chake, mama aliyelipwa kwa pishi alizochuma, wote walizipeleka. Serikali ikazipokea na kuziharibu. Zilizobaki ni zile zilizosahauliwa: ndani ya msahafu, nyuma ya picha, kwenye fundo la kanga chini ya kasha. Kila noti ya rupia iliyo hai leo ipo kwa sababu kuna mtu mmoja mwaka 1936 ambaye, kwa sababu yake mwenyewe, hakwenda kubadilisha.

Zile za Kijerumani ni kinyume chake kabisa, ndiyo maana mnazo sita na ya rupia tano mnayo moja. Zitazame, utaona neno "Interims-Banknote". Vita vilipoanza mwaka 1914 meli za Kiingereza ziliziba pwani ya Tanganyika, noti za kawaida kutoka Ujerumani zikawa haziingii. Benki ya Kijerumani ikaamua kuchapa noti za muda kulekule kwa karatasi na mitambo iliyopatikana, na maofisa wakawa wanazitia saini kwa mkono. Zilichapwa kwa wingi mno, khasa za rupia moja. Kufikia 1917, jeshi likiwa linarudi nyuma kusini, walichapa hata kwa herufi za mpira za kugongea, kama mtu anayegonga muhuri; hizo ndizo wakusanyaji huziita noti za porini. Kisha Mjerumani akashindwa, na aliyekuwa nazo mkononi hakuwa na wa kumdai. Ahadi haikutimizwa, noti zikabaki kwenye makasha. Ndiyo maana leo, miaka zaidi ya mia baadaye, ya rupia moja bado inapatikana kwa makumi machache tu ya dola. Nzuri sana hupanda zaidi, na kuna herufi za mfululizo na saini ambazo ni ngumu kuzipata, kwa hiyo usizichanganye wala usiziuze kwa fungu kabla hazijatazamwa moja moja. Lakini usitegemee utajiri hapo.

Zimefikaje Pemba? Huenda kwa biashara ya Tanga, ni bahari ndogo tu. Huenda pia kuna mzee wenu aliyechukuliwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi la Mwingereza bara. Wazanzibari wengi walichukuliwa upagazi vita vile. Hilo ni la kuulizia nyumbani, nami nitalirudia.

Za shilingi tano nitapita haraka. Yenye mashua ni ya mwaka 1964, toleo la mwisho la Bodi ya Sarafu, lililotolewa baada ya nchi za Afrika Mashariki kujitawala, kwa hiyo kichwa cha Malkia kikaondolewa ikawekwa mashua ya Ziwa Victoria. Zilikaa muda mfupi, maana Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966 ikatoa noti zake. Zimebaki nyingi, na iliyotumika ni ya bei ndogo. Yenye Malkia inategemea: tazama kama ina tarehe. Zilizochapwa tarehe ni za miaka ya 1953 hadi 1957, na hupendwa zaidi kuliko zile za baadaye zisizo na tarehe. Katika picha yako kidole kimefunika sehemu hiyo.

Turudi kwenye rupia tano, sasa kwa upande wa hali yake. Wakusanyaji wa dunia hupima hali ya noti kwa alama za 1 hadi 70. Sabini ni noti ambayo haijawahi kuguswa kwa matumizi. Kumi na kitu ni noti iliyozunguka sokoni, imelegea, ina mikunjo mingi lakini imekamilika. Chini ya hapo ni iliyochakaa. Bei hairuki kidogo kidogo kati ya ngazi hizo. Noti moja ileile, safi na iliyochoka, zinaweza kupishana mara tano au hata kumi.

Nimeikuza picha yako mpaka mwisho. Pale mikunjo miwili inapokutana, katikati kabisa, naona nukta nyeusi. Nadhani ni tundu, maana karatasi ikikunjwa mara nne na kufunguliwa miaka mingi, inakufa pale panapokutana. Fanya hivi: nawa mikono, ikaushe vizuri, kaa dirishani mchana, shika noti kwa kingo zake mbili uinyanyue ielekee mwanga. Kama ni tundu utaona mwanga unapita kama jicho la sindano. Usishangae ukiona na vitundu viwili vidogo vimekaa sambamba upande wa kushoto, vyenye duara la kutu. Hizo ni pini. Karani alikuwa anazishikanisha noti kwa pini, na bahari yetu hii ikaifanya pini ipate kutu. Vitundu vya pini kwenye noti za zama hizo ni jambo la kawaida, vinapunguza lakini havitishi. Doa la hudhurungi pembeni nadhani ni mafuta, na kama kasha lilikuwa linawekewa karafuu au udi, basi ni hayo. Liache.

Nasema liache na narudia: liache. Usioshe, usifute kwa kifutio, usipige pasi, usigundishe mpasuko kwa selotepu. Mnunuzi anayejua akiweka noti chini ya mwanga wa ubavuni huona papo hapo karatasi iliyolowa ikakaushwa: inakosa ule ukakasi wake, na wino unakuwa umefifia pale maji yalipotembea. Noti chafu yenye ukweli wake ni bora kuliko iliyosafishwa, na tofauti hiyo hulipwa kwa fedha.

Kuhusu uhalisi, mkasa wa kasha lililofungwa ni ushahidi mzuri, lakini mnunuzi hatakuamini kwa maneno. Nakala za noti hizi zipo, nyingine zimewekwa chai au moshi zionekane kongwe. Tafuta kioo cha kukuzia kama kile cha masonara. Kwenye noti halisi, mistari ya jahazi na ya maua ya pembeni ni mistari kweli, mizima, mikali, inapinda bila kukatika. Kwenye nakala ya printa utaona vinukta vya rangi vimetawanyika kama mchanga. Kisha iweke gizani chini ya taa ya zambarau, ile wanayotumia madukani kukagua noti bandia. Karatasi ya wakati ule haina dawa ya weupe iliyokuja baadaye, kwa hiyo haing'ari, inabaki imenyamaza. Karatasi ya leo huwaka buluu. Na ukiwahi kuona noti mbili zenye namba ileile, ujue angalau moja ni ya uongo.

Sasa bei. Yule bwana wa Chake aliyetoa laki tatu, siwezi kusema ni mwizi. Huenda naye hajui. Lakini laki tatu ni kama bei ya zile noti sita za Kijerumani tu, tena zikiwa na hali ya wastani. Rupia tano ya Zanzibar, hata iliyochoka, ikiwa halisi na imekamilika, hesabu yake inaanzia kwenye maelfu ya dola, na zile za rupia 50 na 100 hupanda mbali zaidi ya hapo. Tundu la katikati litakupunguzia, doa litakupunguzia, lakini halitakushusha mpaka kwenye laki.

Usinisikilize mimi tu. Tafuta kwenye mtandao matokeo ya minada iliyokwisha fanyika ya nyumba kubwa za mnada, kama Spink ya London au Heritage ya Marekani. Nasisitiza matokeo, maana wengi wanaangalia bei ambayo mtu ameandika anataka, na kutaka hakuna gharama. Kinachokufaa ni bei iliyolipwa, kwa noti ya tarehe ileile na hali inayokaribiana na yako. Katika kutafuta utakutana na namba za Pick. Huyo ni Albert Pick, Mjerumani aliyeorodhesha noti za dunia, na kila aina ya noti ina namba yake chini ya jina la nchi. Ukutane pia na neno "specimen", ambazo ni noti za mfano zilizotobolewa au kupigwa mhuri, hazikutumika kununulia kitu. Bei zake ni soko jingine, usizilinganishe na yako. Kumbuka kwamba mnada unamkata muuzaji asilimia, na gharama za kusafirisha kwa bima ni zako.

Kuna kampuni zinazopima noti na kuzitia kwenye mfuko mgumu wenye alama yake. Inayojulikana zaidi ni PMG ya Florida. Kwa rupia tano inafaa, kwani mnunuzi wa mbali hulipa kwa utulivu akiona alama hiyo. Kwa zile za rupia moja za Kijerumani gharama itakula faida yote.

Lakini kabla hujafika mnadani, kuna jambo ambalo hukuliuliza. Noti hizi ni mali ya marehemu. Mlipodhani ni karatasi za laki tatu pengine mlikuwa tayari kugawana kimyakimya. Sasa mmejua si hivyo. Warithi wote wa bibi wajulishwe, wa Pemba na wa Unguja na aliyeko ng'ambo, na kama mirathi ilishagawiwa, hizi ni mali zilizojitokeza baadaye na zina hukumu yake. Nendeni kwa Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana muulize. Nimeona familia ikigombana miaka mingi kwa sababu mjomba mmoja aliuza kasha la mama yao pamoja na vilivyomo bila kusema. Piga picha noti zote mbele na nyuma, andika namba za kila moja kwenye karatasi, kila mrithi apate nakala. Halafu, kabla noti haijapanda ndege, ulizeni Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale kama inahitaji kibali, mpate jibu kwa maandishi.

Na mkiamua kutoiuza, nitafurahi vilevile. Nasema wazi kwamba moyo wangu unauma kila nikiona noti ya Zanzibar inauzwa London kwa mtu ambaye hajawahi kunusa karafuu mbichi. Lakini siwezi kuiambia familia yenye watoto wa skuli ikae na njaa kwa ajili ya moyo wangu. Angalau skani nzuri, mbele na nyuma, ibaki nchini. Ingefaa sana ipelekwe Nyaraka za Taifa pale Kilimani.

Kwa wakati huu ambao hamjaamua, zitoeni kwenye kanga. Jua la kwetu, chumvi ya bahari na mchwa havina huruma na karatasi. Ifunue noti taratibu, usiikunje tena, iweke bapa kwenye mfuko wa poliesta safi, ule mgumu unaong'aa na usio na harufu. Mifuko laini ya plastiki inayonuka, ile ya PVC, hutoa mvuke unaoila karatasi. Weka mfuko huo kati ya kadibodi mbili ndani ya boksi lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vijipakiti vya silika vinavyokuja na viatu, na ubadilishe vijipakiti kila masika yakiisha. Isiwe darini kwenye joto la bati, wala sakafuni. Dawa ya nondo msitie.

Nitumie picha nyingine tatu: nyuma ya rupia tano, ile ya Malkia bila kidole, na rupia tano ikiwa imeinuliwa kwenye mwanga. Weka rula pembeni nione vipimo vyake.

Na la mwisho. Kama mama yako au dada zake wako hai, kaa nao uwaulize, uandike wanayosema pamoja na tarehe. Mnunuzi makini huongeza bei kwa noti yenye historia iliyoandikwa, lakini mimi nataka kujua kwa sababu nyingine. Mwaka 1936 shilingi saba na nusu zilikuwa ni fedha. Bibi yenu, au mama yake, alibakisha rupia tano moja tu, akaifunga fundo, akaiweka pamoja na noti sita ambazo tayari alijua hazina mlipaji. Alipewa na nani?

Wasalaam, nasubiri picha.